Swapu Imemeza Diski Nzima, na Zawadi ya Wazee Hairudishwi

Mpendwa Mama Priscille,

Nakusalimia kwa heshima, mimi pamoja na watu wote wa nyumbani kwetu, na nakuomba unijibu upesi kwa sababu uvuvi utafunguliwa tarehe moja Machi, na siku hiyohiyo, kama sijapata njia, kompyuta ya chama chetu itapakiwa kwenye boti kwenda Mununga na haitarudi tena. Tafadhali usichapishe jina langu. Majina ya wazee unaweza kuyaacha, kwa maana wao hawasomi gazeti lako, wanalifungia samaki.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tisa hapa Nchelenge. Baba yangu ni Mzambia, mama yangu anatoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na ndiye aliyenifundisha kuandika Kiswahili kwa sababu alikuwa mwalimu kule kwao kabla ya kuolewa, kwa hiyo ukikuta kosa ujue ni langu wala si lake.

Kompyuta hiyo iliachwa na muzungu mmoja wa mradi wa samaki. Alipomaliza mkataba wake alifuta kila kilichokuwa ndani, akaikabidhi kwa chama cha kibanda chetu cha kukaushia samaki, pamoja na sanduku la viatu lililojaa disketi za Linux na kitabu cha maelekezo, akasema mashine ni mzee lakini Linux ni nyepesi, wataelewana, kisha akapanda gari lake akaenda. Wazee walikitazama kitabu, wakanitazama mimi, wakasema huyu anasoma, apewe. Nimekisoma mara mbili chote, na mahali nisipoelewa nimesoma mara tatu.

Sasa lazima nikueleze kibanda chetu kilivyo, la sivyo hutaelewa shida yangu. Chama kina pande mbili. Upande mmoja ni familia za wavuvi wa hapa, na mkubwa wao ni Tata Mukuka, kaka yake baba yangu. Upande wa pili ni wafanyabiashara wa Kongo wanaovusha samaki na bidhaa, na mkubwa wao ni Maman Berthe, dada yake mama yangu. Zamani waligombania chanja za kuanikia samaki mpaka watu wakapigana kwa kuni, na tangu siku hiyo kila kitu kinachoingia kibandani kinagawanywa nusu kwa nusu. Chanja zinapimwa kwa ufito. Chumvi inagawanywa. Hata redio imegawanywa, asubuhi habari za Kibemba, mchana muziki wa Kongo, na mtu akigusa kitufe chake saa isiyo yake atasikia matusi mpaka sokoni.

Kwa hiyo niliposema mashine ina diski ya megabaiti mia moja na ishirini, Tata Mukuka alikwenda kuleta ufito.

"Fungua sanduku la mashine, mwana," akasema, "tupime mbele ya watu."

Nikamwambia, "Tata, haipimwi kwa ufito, inagawanywa kwa kuandika."

"Kuandika kunaweza kudanganya. Ufito haudanganyi."

Maman Berthe akasema, "Mukuka, wacha mutoto. Sitini yenu, sitini yetu, c'est fini, maneno imekwisha. Lakini sisi tunataka ile ya karibu na mulango, kule upepo unaingia."

Nikaeleza kwamba ndani ya diski hakuna mlango wala upepo, wakabishana nusu saa nyingine nani atakuwa wa kwanza na nani wa pili, kwa kuwa mashine inazipa sehemu zake namba.

Nilipoanza kuingiza disketi, mashine ilikwenda vizuri mpaka ya tatu, kisha ikaandika kwamba kumbukumbu imekwisha, ikasimama. Tata Mukuka akaifunika kwa kitambaa cha chitenge akasema imechoka, ipumzike mpaka kesho. Mimi nikarudi kwenye kitabu, nikaona niliporuka. Kitabu kinasema mashine yenye kumbukumbu ndogo kama yetu, ambayo ni megabaiti nne tu, haiwezi hata kuanza kazi hii bila kutengewa kwanza sehemu ya diski inayoitwa swapu, ambamo mashine inaweka kwa muda vitu isivyoweza kuvishika vyote pamoja. Na sehemu hiyo lazima iachwe tupu. Hakuna mtu wa kuandika chochote humo isipokuwa mashine yenyewe.

Mama Priscille, neno hilo "tupu" ndilo lililoniletea taabu. Kibandani kwetu kuna sheria ya tangu zamani kwamba chanja iliyokutwa tupu alfajiri ni ya yule atakayeweka samaki wa kwanza. Watu wameshafanya mambo mabaya kwa ajili ya sheria hiyo. Kuna mama mmoja aliyelaza kandambili zake juu ya chanja usiku kucha ili isionekane tupu.

Maman Berthe akaniuliza, "Ile nafasi unasema, iko ya nani?"

"Ni ya mashine, mama mukubwa."

"Mashine iko kabila gani?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Tata Mukuka akasema, "Haiwezekani. Tukiacha mahali patupu, tukiamka tutakuta ba Kongo wamejaza mizigo yao."

"Sisi? Mukuka! Ni nani alimwaga dagaa yake ya chisense kwa chanja yetu siku ya Noeli, watu wakiwa kanisani?"

"Ule ulikuwa upepo."

"Upepo ulibeba gunia nzima?"

Basi hakuna aliyekubali kutoa hata megabaiti moja, na kwa kuwa uvuvi umefungwa wazee wana muda mwingi sana wa kutokubali. Juma lote nilitafuta maneno. Jumapili, watu wakiwa wametoka ibada na mioyo yao ikiwa laini, nilisimama kibandani nikasema kwamba swapu si shamba la mtu, ni kama kutoa zawadi, na upande utakaotoa utakuwa umesaidia wote. Nilidhani nimesema vizuri. Sasa ndipo najuta.

Tata Mukuka alisimama, akavua kofia kama siku ya mavuno kanisani, akasema, "Upande wetu unatoa kumi."

Maman Berthe akafunga kitambaa chake vizuri. "Bon. Hakuna mutu atasema bamama ba Kongo bako na choyo. Tunatoa kumi na tano."

"Ishirini," akasema Tata Mukuka.

"Makumi tatu."

Akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Mtu akaleta ngoma. Mimi nilinyanyua mkono, nikasema, "Tata, mama mukubwa, inatosha, asante," lakini sauti yangu ni ndogo na ngoma ilikuwa kubwa, na walipomaliza kila upande ulikuwa umetoa hamsini. Swapu imepata mia moja. Kila upande umebaki na kumi. Linux yenyewe, hata ile ya maandishi matupu isiyo na picha, inataka karibu arobaini ili ikae, na sasa haina pa kukaa.

Unaweza kuniambia niwarudishie zilizozidi. Mama Priscille, huku kwetu mtu akikupa samaki hurudishi hata mkia. Kurudisha ni kusema mbele ya watu kwamba samaki wake wameoza. Mwaka juzi mke wa mvuvi mmoja wa Puta alimrudishia shemeji yake samaki watatu kwa sababu beseni lilikuwa limejaa, na mpaka leo nyumba hizo mbili hazisalimiani. Na hapa nitaanza kumrudishia nani? Nikianza na Tata Mukuka, watasema nimefuata upande wa mama yangu. Nikianza na Maman Berthe, mama yangu atakula wapi Noeli?

Tena kuna Bwana Chola wa Mununga. Yeye aliiona mashine mara moja na anaamini kioo chake kitaonyesha mpira wa miguu ukikiwekea waya wa kutosha. Amewaambia wazee kwamba kama hadi siku ya kufungua uvuvi mashine haijafanya kazi, ataichukua na kuwapa injini ya boti, na sanduku lile lenye diski atalitupa kwa kuwa linapiga kelele bure. Wazee wameshika ahadi hiyo. Injini wanaijua.

Rafiki yangu Felistus ananiambia, "Wewe nawe! Punguza kimyakimya. Nani ataona? Waambie swapu ni mia, mashine ipewe inachotaka, basi." Na ni kweli hawataona, ufito hauingii humo. Lakini wao wameniamini, na kila jioni Tata Mukuka anaweka mkono juu ya sanduku na kuniuliza kama hamsini zake zimefika salama.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nikifuata uamuzi wa wazee, mashine haitawaka na Chola ataichukua. Nikifanya alivyosema Felistus, itawaka juu ya uongo. Nikirudisha, nitawavunjia heshima. Naomba pia unieleze kiasi sahihi cha swapu ni kipi, kwa maana kitabu kinasema mara mbili ya kumbukumbu, halafu ukurasa wa mbele kinasema itategemea, na mimi sijui itategemea nini.

Jambo la mwisho ni dogo, nalisema kwa aibu. Sijamwambia mtu, lakini natamani mashine ikiwaka wanikubalie niwe ninakaa nayo siku za likizo, niandike barua za chama na vibali vya kuvuka ziwa, na nijifunze mpaka nijue kweli. Pengine ni kutamani makubwa. Barua hii anakuletea Nkulu, yule anayepeleka samaki wa chumvi Kasenga. Nimemwambia ina mambo ya ndoa ili asiifungue, na sasa naona huenda ndiyo sababu ataifungua.

Wako mtiifu,
Msichana wa Kibandani, Nchelenge

---

MAMA PRISCILLE ANAJIBU

Binti yangu, barua imefika, na ndiyo, ilikuwa imefunguliwa. Nkulu anauliza bwana harusi ni nani.

Nimecheka mpaka nikafuta machozi, halafu nikakasirika kidogo. Hasira yangu haiendi kwa wazee. Inakuja kwako. Uliposikia "kumi" na "kumi na tano" ulikuwa na zaidi ya unachohitaji, na wewe peke yako humo kibandani ulilijua hilo. Ulisema "inatosha" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Ngoma ilikuwa kubwa, nimesikia. Basi ungeenda ukaishika ngoma. Anayejua kitu ambacho wengine hawakijui anatakiwa kupaza sauti, hata akiwa mtoto, hata akiwa msichana. Haya, nimemaliza kukugombeza kwa hilo. Mengine yapo chini.

Usidhani umemwandikia mtu wa mambo ya ndoa peke yake. Gazeti hili linapangwa kwa mashine iliyo ndugu ya hiyo yenu, na anayekaa mbele yake ni mimi. Kwa hiyo sikiliza kuhusu swapu.

Umemwona mama anayepasua samaki ufukweni. Samaki aliye mikononi mwake ndiye anayemshughulikia. Mikono hiyo ndiyo kumbukumbu. Kando yake kuna beseni, anamoweka wale ambao hajawafikia. Hilo ni swapu. Bila beseni, samaki wa pili akitupwa mapajani anapoteza wa kwanza, na wa tatu anasimamisha kazi. Ndicho kilichoipata mashine yenu kwenye disketi ya tatu. Haikuchoka, mwambie Tata Mukuka aondoe chitenge, chombo kile kinahitaji hewa. Lakini mpe mama huyo beseni kubwa kama mtumbwi, je, mikono yake itakuwa minne? Atainama na kuinuka, atainama na kuinuka, na jioni samaki wameharibika wote. Swapu ya megabaiti mia haitaifanya mashine ya megabaiti nne kuwa na nguvu. Itakuwa nafasi iliyolala bure, wakati Linux inalala nje.

Kiasi chake? "Mara mbili" ni kanuni ya mwenye nacho. Mara mbili ya nne ni nane, jumla kumi na mbili, na hapo utabanwa siku ya kwanza tu. Maskini wa kumbukumbu anahitaji zaidi kidogo. Tenga kumi na sita. Ukiona mashine bado inahema, fika ishirini, usivuke hapo. Inategemea nini? Inategemea unataka mashine ishike mambo mangapi kwa wakati mmoja. Nyinyi mnataka barua na vibali. Usijaribu kuweka zile picha za madirisha kwenye kioo, hata disketi zake zikikuita kwa jina. Maandishi matupu yanawatosha.

Na kosa lako la kwanza lilikuwa kuanza disketi kabla ya swapu. Kwanza unagawa diski, sehemu ya swapu unaipa aina ya 82, unaiandaa, unaiwasha, ndipo unaendelea. Ukiiandaa bila kuiwasha ni sawa na kununua beseni ukaliacha sokoni. Ukurasa huo umeusoma mara mbili. Usome mara ya tatu.

Sasa zawadi. Umesema vema kwamba samaki waliotolewa hawarudishwi. Mimi nimekulia Mofwe, karibu na kwenu, desturi hiyo naijua. Lakini umesahau nusu yake ya pili, na hii inaniudhi kwa sababu mama yako ni mwalimu na nina hakika alikwambia. Aliyepewa samaki wengi hawarudishi, lakini pia hawali peke yake. Anawapika, anaita watu, na yule aliyetoa anakuja kukaa mbele kuliko wote. Umewahi kuona mtu akitukanwa kwa kuwapikia wageni samaki aliopewa?

Basi fanya hivi, na ufanye mchana, watu wakiwepo. Waite wote. Simama, usijifiche nyuma ya kitabu. Washukuru Tata Mukuka kwa hamsini na Maman Berthe kwa hamsini, utaje kwanza yule aliyefika kwanza siku hiyo. Sema zawadi zote mbili zimepokelewa na mashine na hakuna hata moja itakayorudi. Kisha sema mashine imepika: kumi na sita imekula yenyewe, na zilizobaki inawakaribisha wote, kwa hiyo ile ishirini ambayo pande mbili zilibakiza nayo iingie kwenye sufuria hiyohiyo, kwa maana haifai mwenyeji apike na mgeni aje na kijungu chake. Utakuwa na mia moja na nne katika sehemu moja. Linux ikae humo, na kila upande upewe jina lake la kuingilia, neno lake la siri na chumba chake, ambacho upande mwingine hauwezi kufungua. Kazi ya kuwatenganisha watu wanaogombana Linux inaijua kuliko kamati yenu. Watauliza chumba cha nani kitatajwa kwanza. Mashine inapanga kwa alfabeti, kwa hiyo ni Berthe kisha Mukuka. Mukuka akilalamika, akamlalamikie babu aliyempa jina.

Wakikuuliza kama mahali pale patupu hapatavamiwa usiku, wajibu kweli: mashine haimruhusu mtu yeyote kuweka chake kwenye swapu, hata wewe. Hakuna kandambili inayolala pale.

Bwana Chola nitamjibu mwenyewe. Chola, kioo hicho hakina masikio ya kusikia mpira unakochezwa, hata ukikifunga waya kutoka Mununga mpaka Lusaka. Nunua televisheni, na injini yako ibaki kwenye boti yako.

Kuhusu Felistus, ni rafiki mzuri mwenye ushauri mbovu. Leo utapunguza megabaiti kimyakimya, kesho mtu mwingine akijifunza kusoma mashine hiyo ataona, na hutakuwa na neno la kusema mbele ya mzee aliyeweka mkono juu ya sanduku akakuamini. Lakini hatuna haja ya kubishana, kwa sababu njia ya Felistus imekwisha kufungwa. Nimeichapisha. Unasema wazee wanafungia samaki gazeti hili? Mwanangu, hakuna anayefunga samaki bila kusoma kwanza. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa katika Nchelenge nzima wasichana wenye Tata Mukuka upande wa baba na Maman Berthe upande wa mama hawazidi mmoja. Kwa hiyo itisha mkutano kabla samaki hawajafungwa.

Tata Mukuka, Maman Berthe, mkifika hapa, nawasalimia. Mlichofanya kilikuwa cha ukarimu na cha kijinga, na mtoto huyu alikosa usingizi ili asiwaaibishe. Mtu wa namna hiyo huwa hapatikani kwa injini.

Na lile ulilolisema mwisho kwa aibu, binti yangu, ndilo ulilopaswa kulisema mwanzo. Si kutamani makubwa. Usiwasubiri wazee walifikirie wenyewe, hawatalifikiria. Uvuvi ukifunguliwa watafikiria nyavu. Mashine ikiwaka, watu wakipiga vigelegele, usisimame kando ili wakubwa waisogelee. Kaa kwenye kiti. Wakikuambia uandike kitu waone, andika barua fupi ya kuomba kazi ya likizo, kwa jina lako kamili, iliyoelekezwa kwa wenyeviti wote wawili. Isome kwa sauti, safari hii ya kusikika. Kisha uwaulize hapohapo, mbele ya watu wote na kabla ngoma haijaanza, kama wanakubali, ndiyo au hapana.